Jumamosi ya Masharubu

Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni mtu wa jiko.
Kabla giza halijang'oka juu ya mto Calle-Calle
nimeshapasua vijiti, nimeshapuliza,
na kuni mbichi za Don Fidel (tapeli yule!)
zinanitoa machozi badala ya kuwaka.
Mvua ya Valdivia haibishi hodi.
Inaingia mfukoni, inaingia kwenye mkate,
inaingia magotini mwangu na kujikalia.

Binti yangu Marisol hupita mbio, ufunguo mdomoni,
ananiachia watoto wawili na busu moja, nusu lake hewani.
Antonella ana miaka kumi na mmoja, hasemi na mtu.
Renato ana sita, naye hasemi:
anapiga kelele.
Nawavisha sweta zilizolala juu ya jiko.
Shuleni, anasema Antonella, wananiita soseji ya moshi.
Waambie, namjibu, soseji hii inajua kugawanya kwa desimali.
Karibu acheke.
Karibu.

Lakini Jumamosi!
Jumamosi natoa koti langu la buluu,
lenye kifungo kimoja kisicho na undugu na wenzake,
tunateremka hadi soko la samaki kando ya mto.
Huko, nyuma ya meza za wauzaji,
wamejimwaga simba wa bahari, wanene kama magunia ya viazi,
wanakoroma, wanagombana, wanangoja vichwa vya samaki
kama wajomba wasio na mchango siku ya harusi.

Renato ndiye aliyemwona.
Mkubwa kuliko wote, jicho moja lina ukungu,
masharubu meupe yameshuka huku na huku.
"Bibi! Bibi! Babu Olegario yule!"
Soko zima likasikia.
Muuza kome akainama kuficha meno yake.
Nikamshika mtoto sikio. Miaka mitatu tu kaburini,
mume wangu, kinyozi wa watu na heshima zao,
leo anafananishwa na mnyama wa kujikuna hadharani?

Hapo mnyama akajikuna tumbo.
Polepole. Kwa pezi.
Kama mtu aliyeshiba maharagwe
akisubiri taarifa ya habari.

Antonella akacheka.
Akacheka mpaka akashika nguzo,
mpaka kofia ikaanguka kwenye maji ya samaki,
nami nikacheka, machozi yakanitoka,
wala kuni za Don Fidel hazikuwepo za kusingiziwa.

Tangu siku hiyo hatusemi tena "twende sokoni".
Tunasema "twende kwa Babu".
Jumapili nyingine, jua likijisahau likatoka,
tunapanda basi hadi Niebla, kwenye mizinga ya zamani.
Renato anatia kichwa ndani ya mzinga na kuita jina lake,
mzinga unamrudishia likiwa na sauti ya mtu mzima.
Anatoka akinitazama, kana kwamba
nimekuwa nikimficha mtu humo.
Tunakula mkate na mayai ukutani, upepo unakula chumvi yetu.
Siku njema. Lakini si kama kwa Babu.

Jambo moja sijamwambia yeyote, hata Marisol.
Jumanne, watoto wakiwa darasani,
nateremka peke yangu.
Nanunua kichwa kimoja cha samaki, tena kwa kuvutana bei,
nasimama kwenye chuma cha ukingo, mwavuli begani.
Namwambia: paa linavuja palepale ulipoziba.
Namwambia: mkasi wako nimeutia mafuta, simpi mtu.
Namwambia: yule mkubwa anacheka tena,
ana cheko lako, lile baya, la kukoroma.

Ananitazama kwa jicho lake zima.
Anapanua kinywa (harufu hiyo, Mungu wangu!)
ninatupa kichwa, anameza, anageuka,
ananipa mgongo na kulala.

Hata ahsante hakuna.
Ndiye kabisa.