Barabara ya Kwenda Hinche

Walikuja na meli, wakasema nchi yetu haijaisha,
kama nyumba iliyosimamishwa nguzo
kisha mwenyewe akaenda kulewa.
Walikuja kuimalizia.

Kapteni alikuwa na daftari na meza ya kukunja.
Jina la mume wangu aliliandika mara tatu, zote kakosea.
Dyesibon, nikamtajia polepole, kama anavyotajiwa mtoto.
Akacheka, akaandika namba.

Siku sita, walisema.
Asiye na pesa ya kodi ya njia atalipa kwa sururu.
Siku sita za kalenda gani, sijui:
maharagwe niliyopanda alipoondoka
yalichipua, yakazaa, nikayapukuchua peke yangu,
nikambebea kidogo, nimechanganya na mtama,
mwendo wa siku mbili, nikamkuta
kafungwa kamba kiunoni na wenzake kumi na wawili
kama vitunguu vya sokoni.
Bunduki alishika kijana wa kwetu, mwenye viatu vipya,
aliyeona haya kunitazama.

Dyesibon aliniuliza habari za mbuzi.
Nikamwambia kazaa mapacha.
Hayo ndiyo tuliyozungumza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sawa. Lakini nani alikuwa mgonjwa?

Sasa nisiwe mnafiki.
Barabara ni nzuri. Imenyooka, mifereji inameza maji ya masika.
Altagras alipokwama na mtoto tumboni
daktari alifika kwa gari kabla ya jogoo wa pili;
zamani tungekuwa tunachimba kaburi.
Mtoto yule sasa ana miaka saba,
anahesabu makalvati akienda shule.
La nne ndilo zuri, anasema, lina mwangwi.
Huingiza kichwa akaita jina lake.

La nne ndipo alipolala babu yake.
Walimfunika kwa zege, au kwa udongo, sikuonyeshwa;
yule kijana wa viatu alinijia usiku, akaninong'oneza,
akaniachia kofia ya ukindu.

Wameshaondoka. Tarumbeta zililia,
bendera ikakunjwa pembe tatu,
wakatuachia nchi iliyokamilika
na jeshi la kuilinda
dhidi yetu.

Mimi hupita pembeni, kwenye nyasi na miba,
hata mvua ikinyesha, hata nikiwa na gunia la kahawa.
Wajukuu hunicheka: Bibi, njia si ile pale!

Punda peke yake haniulizi.