Ndoo ya Mwisho

Wanaoniuliza huja na majibu yao tayari.
Kijana wa juzi, koti la ngozi, pete puani,
alisema ndoo ni ya bia, na kaka yangu alikuwa mlevi.
Mwalimu mmoja wa chuo aliniandikia kurasa tisa:
ndoo ni vita, ni damu, ni vijana waliorudi masandukuni.
Mchungaji wetu alihubiri kwamba ni machozi.
Wote wameusikia mstari ule gitaa likinyamaza,
Reino amebaki peke yake, koo limemkauka:
“Bakiza ndoo ya mwisho,”
mara tatu, kisha ngoma zinaporomoka.

Mimi ni dada yake. Keti, kahawa ipo.

Duluth imejengwa ubavuni mwa kilima.
Januari, ukiteleza huku juu
utaokotwa bandarini, kofia ikufuate kesho.
Mama, Lempi Kangasniemi, aliajiriwa na jiji
kuendesha lori la chumvi zamu ya usiku,
baba alipokwenda kuchimba chuma akasahau njia ya kurudi.
Nyuma alisimama Wendell Trudeau na sepetu lake.
Mbele, kati ya gia na chupa ya chai, alilala Reino, miaka sita,
na mimi dirishani, miaka tisa, macho kodo,
maana nyumbani hapakuwa na wa kutuangalia.

Ikifika saa kumi alfajiri, chumvi imebaki ya kukwangua,
Mama aligonga kioo cha nyuma:
“Bakiza ndoo ya mwisho!”

Ndoo hiyo haikuwamo katika ratiba ya jiji.
Ilikuwa ya ngazi kumi na nne za Orvokki Haapala,
mjane, jirani, mtu wa ibada ya saa kumi na mbili,
ambaye Mama hakusema naye miaka kumi na mmoja.
Ugomvi ulikuwa mawaridi.
Kila Mei yalichipua meusi,
na kila Mei Orvokki alisimama uani akatangaza
kwamba mbwa wetu ameyakojolea tena.
Mama alimjibu kwa Kifini, maneno nisiyoyatafsiri.
Ikija Novemba alizima taa za lori
akammwagia ngazi zake, gizani, kama mwizi.
Wendell alimuuliza kwa nini.
“Namchukia yeye,” alisema. “Nyonga yake haijanikosea.”

Nilikuwa na miaka hamsini, naosha vyombo,
redio inampiga Reino, mwaka wa nne tangu tumzike,
ndipo nikaona.
Chumvi huyeyuka na barafu.
Maji hushuka ngazi.
Chini ya ngazi kuna mizizi.
Niliketi sakafuni nikacheka hadi povu likaisha sinkini.

Tenda wema nenda zako, husemwa.
Haisemwi wema wenyewe utakwenda wapi.

Mbwa hakuwa na hatia. Aliitwa Musti. Andika hilo.

Reino alijua? Sidhani, alikuwa amelala.
Siku moja aliniambia mstari ulitaka silabi nane
na hizo ndizo zilizokuja.
Basi labda ni hivyo, na wewe umepanda kilima bure.

Orvokki hakuanguka hata mara moja.
Alifia kitandani, miaka tisini na mitatu,
akiamini jiji linampenda.

Malizia kahawa. Ukitoka shika chuma cha ngazi,
leo bado sijamwaga.