Hodi ya Mizani

Siku ya kwanza ya msimu, kituoni Konde,
mizani kumi na mbili ziliwashwa pamoja
na zote zikasema pamoja.
Kilo arubaini na moja za Bi Kazija wa Kinyasini
zikapotelea hewani:
gunia lipo, harufu imejaa pua,
risiti haikutoka.

Wakasema wizi.
Bwana Shaame, meneja, akasema, "Fundi, ongeza nguvu,
ipaze sauti hiyo antena."
Nikacheka kimoyomoyo. Yakhe, wapi umeona
wagombanao wakasikilizana kwa kupaza sauti?

Nikakesha kituoni, kompyuta magotini, mbu masikioni,
nikizitazama namba zikiruka mbili mbili
na kuvunjana kama sahani
za wahudumu wawili mlango mmoja siku ya harusi.
Ya nne haikuwa na kosa.
Ya tisa haikuwa na kosa.
Kati yao ulisimama ukuta wa magunia,
na kila moja kabla ya kusema ilisikiliza,
ikasikia kimya,
ikadhani ulimwengu umenyamaza kwa ajili yake.

Basi nikazifunza adabu ya mlango wa mtu.
Usiingie na mzigo kichwani.
Piga hodi, hodi fupi isiyobeba hata punje,
kisha ngoja.
Kisanduku cha darini kikijibu *karibu*,
jibu hilo hufika pande zote mbili za ukuta:
aliyeitwa aingie,
na aliyesikia mwenziwe akikaribishwa
afunge mdomo mpaka mzigo utuliwe.

Na hodi zikigongana?
Kila mmoja arudi nyuma, apige kura yake gizani,
tatu, au sita, au moja,
ahesabu, ndipo ajaribu.
Zikigongana tena, kura iwe pana mara mbili.
Tena, mara mbili ya hapo.

"Bahati nasibu?" Bwana Shaame alinitolea macho.
"Kwenye mali ya watu?"
Nikamwambia, zamu ya kupangwa humngoja hata aliyelala.
Kura huijua foleni ya walio na gunia tu.
Hakuridhika. Alikwenda zake akiguna.

Sisi tuliofinywa masikio kwa mashairi skuli twajua:
mizani peke yake haitoshi,
sharti pawe na kituo.

Saa nne usiku nikampigia dada yangu, Zuwena, aliye Mkoani.
Tangu Ijumaa hatujasemezana,
kisa mikarafuu saba ya marehemu baba.
*Namba unayopiga inatumika.*
Nikapiga tena. Inatumika.
Nani huyo anaongea naye saa hizi?
Nikapiga mara ya tatu, kwa hasira,
inatumika,
na kidole kikanigandia juu ya kioo.

Ananipigia mimi.

Nikaiweka simu juu ya mizani ya nne, mbali na mkono wangu.
Nikapiga kura kichwani: tano.
Moja. Mbili.
Makonyo yananuka. Tatu. Panya darini.
Tano, kimya.
Nikaongeza, nikafika tisa,
simu ikatetemeka juu ya chuma.

Asubuhi Bwana Shaame alikuta daftarini:
mizani ya nne, saa nne na dakika sita usiku,
kilo sifuri nukta mbili,
mwenye mali hajulikani.
"Hii nini?"
Imefika salama, nikamwambia.
Iache hivyo hivyo.