Herufi N

Yalianza chini ya kiwiko, Jumatatu,
kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia.
Nilikuwa ukurasa wa sabini na mbili
wa tasnifu ya kijana mmoja wa chuo cha ushirika,
mikopo ya wakulima wa Uru.
Sikuyaitikia. Nikaendelea kuchapa.
Jumatano yalikuwa begani,
yamevua viatu, yameuliza chakula.

Duka langu liko nyuma ya stendi ya Moshi:
tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga lamineshi.
Kompyuta ni moja, ya mtumba,
kibodi yake ilimwagikiwa chai mwaka juzi
na tangu hapo herufi n haiji kwa kuguswa.
Lazima uipige.
Na Kiswahili, ndugu yangu, kinaidai kila hatua:
nina, nani, nini, ninaumwa, mkono.
Lakini hilo sikuliwaza.
Niliwaza baba.

Baba alikuwa Kibosho akikata majani ya ng'ombe
mkono wa kulia ukamwacha.
Mundu ukaanguka mgombani,
akautazama mkono kama chombo alichoazima kwa jirani.
Miaka hamsini na minne.
Mimi nina arobaini na mmoja, na mkono ni uleule,
hata ukucha wa gumba umeinama kama wake.

Saa nane usiku nikasimama mbele ya kioo.
Wanasema mwenye kiharusi akicheka, mdomo huenda upande.
Nikacheka.
Nikainua mikono yote miwili, kama mwizi.
Wanasema atamke sentensi nzima bila kukwama.
Iliyonijia ni *kamba hukatikia pembamba*,
nikaitamka mara tatu, kwa sauti,
hadi Ndeshi akaamka chumba cha pili:
Mama, unamchekea nani?

Nikarudi chini ya blanketi, nikaiuliza simu.
Ikanipa moyo, ikanipa shingo, ikanipa saratani ya mfupa,
na ugonjwa wenye jina la Mzungu fulani marehemu.
Niliupenda huo wa mwisho; angalau ulikuwa na mwenyewe.

Ijumaa nikaenda Mawenzi, hospitali.
Tangu utotoni nalihurumia jina hilo.
Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto,
mara moja, mara mbili, mara ya tatu
Kibo akashika mwiko, akamtwanga,
hadi leo mabega yake ni vipande.
Pale kwenye benchi nikawaza jambo la kijinga:
kesho yake, Kibo, mkono haukumuuma?

Daktari alikuwa binti mdogo, Nashipai.
Alinibonya, akanivuta, akasema minya vidole vyangu.
Kazi gani? Kuchapa.
Saa ngapi kwa siku?
Nikapunguza, kama mlevi anavyopunguza chupa.
Kidole kipi kinachoka kwanza?
Cha shahada.
Kinapiga nini?
Nikanyamaza. Kisha nikamweleza habari za chai.

Si kiharusi? nikauliza.
Nikauliza tena.
Nikauliza mara ya tatu, na nashukuru hakuwa na mwiko.
Aliandika kwenye karatasi ya serikali, kwa mwandiko unaosomeka:
dawa ya kuchua, mapumziko wiki mbili,
kibodi mpya.

Elfu kumi na tano, kwa fundi Urio. Mapumziko sikuyanunua.
Sasa n inakuja kwa pumzi tu,
lakini kidole hakijaamini, bado kinatwanga:
ukurasa wa tisini una *wakulima wannnne*,
na mwenye tasnifu anakuja kesho asubuhi.

Usiku naulaza mkono kwenye mto wake peke yake,
nauwekea sikio kama mtoto mwenye homa.
Hauumi leo.
Umenyamaza kabisa.
Mbona umenyamaza?