Njia ya Nsajigwa

Daftari la wachelewaji linakaa kwangu.
Jalada limevimba kwa unyevu wa Rungwe,
na kila ukurasa, tangu Januari,
jina la kwanza ni lile lile:
Nsajigwa, Kidato cha Pili B.
Adhabu: kufyeka nyuma ya vyoo.
Amefyeka hadi majani yamekata tamaa.

Mimi mtu wa Manyoni. Nililetwa huku na barua ya ajira
na koti moja jepesi. Nafundisha jiografia
kwa ramani ya ukutani ambayo panya
wameanza kuila kutokea Kigoma.
Kwa hiyo usiku, saa sita ikipita na bando likishuka bei,
nasimama juu ya tofali kando ya tangi la maji,
mahali pekee ambapo mtandao hutukumbuka,
navuta masomo tone kwa tone:
volkano inayojichora, mto unaojikata kona,
maswali yanayojisahihisha yenyewe
(haya nayapenda kuliko ninavyopaswa kukiri).

Jumatatu niliazima projekta ya Moraviani.
Mwinjilisti alinikabidhi kama anayekabidhi kichanga.
Juu ya chokaa nikafungua ramani ya dunia,
ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuichora.
Tukashuka: Afrika, Tanzania, Mbeya, Tukuyu,
kisha weupe mtupu.
Setilaiti ilipita siku ya wingu.
"Madamu," akasema Tumpale, "siku ipi haikuwa ya wingu?"
Na chini ya wingu hilo, hata jina moja.
Si shule, si zahanati, si mashine ya kusaga
inayotuamsha sote.

Tuchore wenyewe, nikasema. Nani anazijua njia?
Kimya.
Kisha vichwa hamsini na viwili vikamgeukia mmoja.

Nikampa simu yangu, hiyo hiyo yenye ufa,
yenye picha za mama na deni la salio.
Iweke mfukoni, nikamwambia, itakufuata yenyewe.
Usiku ule sikulala vizuri. Nisiseme uongo:
niliiwaza simu kuliko mtoto.

Asubuhi akaingia saa mbili kasoro dakika tano,
suruali imelowa hadi magotini,
simu kavu ndani ya mfuko wa chumvi.
Nikaichomeka kwenye kompyuta.
Mstari mwekundu ukatoka shuleni, ukapanda,
ukateremka, ukavuka mto pasipo daraja,
ukapenya mashamba ya chai, ukapanda tena.
Kilomita tisa na mita mia nne.
Kwenda tu.

Kwenye mstari wa kurudi palikuwa na doa,
kama wino uliosahau kusonga:
dakika ishirini na mbili, kabla hapajakucha.
"Hapa ulikaa. Ulikuwa unafanya nini?"
Akatazama viatu.
"Niko na mdogo wangu Bupe, madamu, wa darasa la tatu.
Mto hauogopi. Anaogopa mbwa wa mzee Mwakalobo.
Tunangoja mwenyewe aamke, amfunge."

Nilikuwa na chaki mkononi. Sikuandika kitu.

Tulipotaka kuhifadhi, ramani ikauliza:
Jina la njia?
Hapo vita vikazuka. Wa mbele wakataka Njia ya Mbwa.
Tumpale akataja jina la Kinyakyusa
ambalo alinirudia mara tatu nami nikalikosea mara tatu.
Nsajigwa mwenyewe alikuwa dirishani, anakamua soksi.
Tukaandika la Tumpale, herufi kwa herufi, tukabonyeza.
Kiduara kikaanza kuzunguka,
kikazunguka,
mvua ikashuka juu ya bati,
sauti yangu ikazama,
umeme ukaenda.

Jioni nikalifungua daftari la wachelewaji.
Kuna safu ya "sababu" ambayo tangu Januari
sijawahi kumuuliza mtu ili niijaze.
Nikaandika: km 9.4.
Kisha, kwa herufi ndogo: mbwa.