Dakika Nne

Aliileta imeviringishwa kwenye shali,
kama anayempeleka paka kwa daktari.
Januari, Kutaisi, theluji imechanganyika na mvua,
viatu vyake chwa, chwa kwenye sakafu yangu.
Bi Lamara. Miaka thelathini na sita mwalimu wa kemia.
"Haijafa," akasema. "Imechoka tu. Kama mimi."

Niliiwasha. Tukangoja.
Feni ikahema kama mwenye pumu anayepanda ghorofa ya tano.
Tukangoja tena. Akanisimulia bomba la jirani,
mkwe wake wa Batumi, jino,
na skrini bado ni samawati tupu.
Nikamwambia: hii tuifomati. Tufute yote,
tuusimike mfumo upya kuanzia msingi.
"Yote?"
"Yote."
Akalishika shali lake.

Nakiri jambo.
Mwaka wangu wa kwanza nilimfutia Zurabi, mpiga picha,
harusi kumi na moja.
Aliniambia nakala ipo, nikaamini.
Kulikuwa na folda yenye jina zuri
na ndani yake upepo.
Sikuwahi kuziona nyuso zile, ndiyo maana
kila mke nipishanaye naye kwenye daraja
namwomba radhi kimoyomoyo.
Tangu hapo neno la mtu silili kiapo. Nahesabu.
Maji yakimwagika hayazoleki:
mimi hutafuta ndoo kwanza.

Basi nikahesabu.
Faili elfu kumi, mia nne na mbili upande huu,
elfu kumi, mia nne na mbili upande ule.
Nikafungua moja hapa, moja pale, nione kama zinapumua.
Mitihani. Mapishi ya biringanya. Mjukuu bila meno.
Nywila zake alikuwa nazo nyuma ya bili ya gesi,
kwa penseli, mwandiko wa ubaoni.
Halafu folda iliyoandikwa USIFUNGUE.

Nilifungua. Kazi ni kazi.
Ilikuwa orodha ya walioibia mtihani,
mwaka kwa mwaka, na namna walivyoibia:
huyu kwenye soksi, yule kwenye kifutio.
Jina la saba, darasa la tisa, kiganja cha kushoto,
ni langu.

Usiku ule nilikuwa peke yangu na kitufe cha kufuta.
Nani angejua? Faili moja tu kati ya elfu kumi,
na mashine yenyewe ilikuwa inaelekea kusahau kila kitu.
Nikakitazama kiganja.
Nikanakili.

Kisha (hapa ndipo wengi huteleza)
nikaichomoa diski ya nje, nikaifungia kwenye droo
pamoja na mkasi na risiti.
Maana msakinishaji akiuliza "nifute ipi?"
huzipanga diski zote kwa namba, hana macho,
na saa sita ya usiku kidole nacho hakina.
Waya wa chaji nikaukaza. Betri imejaa.
Upepo wa mashariki ukivuma, umeme wetu hauagi.

Asilimia tatu. Asilimia kumi na moja.
Ikajizima, ikajiwasha, ikaniuliza
niko nchi gani, kana kwamba hatujawahi kuonana.
Nikaipa alfabeti yetu, herufi moja baada ya nyingine
zikajikunja kama vikonyo vya mzabibu.
Asubuhi nikarudisha faili zote elfu kumi na ushei. Zikafunguka.

Siku ya tano akarudi, na kopo la asali.
"Nimehesabu," akasema. "Wa saba yupo."
Sikujibu.
"Safari hii hukuibia."
Akavaa glavu moja, akaivua.
"Ila ina kasoro. Inaamka upesi mno.
Zamani nilibonyeza, nikasaga kahawa,
nikamwagilia maua, nikamlaani jirani wa juu,
nikirudi ndipo inafumbua macho.
Dakika nne. Zilikuwa zangu.
Sasa nabonyeza, na kabla sijageuka
inanitazama. Inangoja niseme kitu."

Nikamwambia asage kahawa kwanza,
ndipo abonyeze.
Aliufikiria ushauri huo kwa muda mrefu,
kama anayetafuta penseli nyekundu.