Mstari Mmoja

Alhamisi, baraza la kata, Munanila.
Ukungu bado haujaamua ubaki huku au uvuke.
Mimi ndiye mwandishi: miaka ishirini na mitatu,
kaunta buku la kwaya tatu, kalamu mbili,
na kidau cha wino wa dole gumba
usiotoka hata kwa majivu.

Shauri la kumi na saba.
Bigirwa Ntahondi anasema minyaa imetembea.
Usiku, bila miguu, hatua tatu,
kutoka kwa Nzikobanyanka, mjane,
hadi ndani ya tangawizi yake.
(Nzikobanyanka: najua hawanipendi.
Baba yake alimwita hivyo ana siku nane.
Mimi huliandika jina hilo polepole.)

Nikauliza, "Hatua tatu za nani?"
Mwandishi haulizi, huandika.
Lakini Bigirwa ana miguu ya korongo
na mjane anamfika kiunoni.
Watu wakacheka. Hapo ndipo aliponigeukia:
"Na huyu nani kampa kalamu?
Bibi yake kazikwa ng'ambo. Hawa ni wa kule.
Mrundi ndiye anatupimia mashamba!"

Kimya.
Hata mbuzi wa kielelezo, aliyefungwa dirishani,
aliacha kutafuna.

Ni kweli, bibi kazikwa ng'ambo.
Alikwenda kumzika dada yake, mvua ikamshika, kisha homa.
Kaburi halikumuuliza hati.
Mimi nimeulizwa. Nimekwenda mjini mara nne
kufuata namba ya kitambulisho:
mtaje babu, utaje mti uliokuwa mbele ya nyumba ya babu.
Mara ya tano nilimbeba mwenyekiti wa kitongoji,
nauli juu yangu, na soda mbili.

Nikaitazama kalamu. Kazi yangu ni kuandika yote.
Nikaandika:
*Mdai anasema mwandishi si raia.*
Herufi zilikaa sawa, hazikutetemeka.
Nilijivunia hilo kuliko ilivyostahili.

Tukaenda shambani na kamba ya katani.
Debora Kagisha, mjumbe, akakunja kanga, akachimba
upande wa mjane, kwenye maharage,
hadi jembe likagonga kisiki cha zamani,
kimekatwa, kimefukiwa,
na bado kikatoa utomvu mweupe.
Tukapima: hatua tatu kamili.
Za korongo.

Bigirwa alikuwa na haki.
Nikaandika hilo pia, kwa mwandiko uleule,
ingawa mkono ulitaka kuandika vidogo.

Jioni nikamsomea yote, aweke dole.
Tulipofika kwenye ule mstari
kidole chake kikabaki hewani, kimelowa wino.
"Hilo lifute."
Mwenyekiti hakuinua macho:
"Baraza halifuti. Linakata, mstari mmoja tu,
na yaliyo chini yake yasomeke."

Nikakata kwa rula.
Saini yangu pembeni, kisha dole lake;
nilikishika kidole mwenyewe kukiongoza,
kilikuwa kizito, baridi, na kina ufa.
Maneno yanasomeka bado, juu ya mstari na chini yake.

Jumamosi minyaa inarudi ilikotoka.
Nzikobanyanka anauliza nani atamlipa maharage yake;
hilo nalo litafunguliwa shauri.
Bigirwa ameahidi kuleta majembe mawili.
Hajanitazama.

Usiku nanawa.
Wino wake uko kwenye kidole changu.
Nimeshajaribu majivu.